Memwari haina saa ya kutoka: namna wanafunzi wa Kolwezi wanaweza kupumua

Kolwezi ni muji wa posti. Tangu wakati wa Union Minière, kisha Gécamines, mpaka leo na makampuni mapya, mtu wa kazi anajua anaingia saa ngapi na anatoka saa ngapi: posti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Basi inamshusha, anaoga, anakula bukari yake, mambo ya mgodi yanabaki kule mgodini. Hata majina ya siku yanasema vile. Huku Katanga siku ya sita inaitwa posho, sababu njo siku ambayo kampuni ilikuwa inawagawia wafanyakazi chakula cha juma. Kazi ilikuwa ngumu, lakini ilikuwa na mwisho wake kila siku, na kila juma ilikuwa na kitu cha kungojea.

Mwanafunzi wa master ao wa doktora hana posti. Hakuna king'ora kinachomwambia sasa funga, enda nyumbani. Memwari iko naye kwa meza, iko naye kwa kitanda, iko naye hata kanisani. Na hapo njo shida nyingi zinapoanzia.

Kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 serikali ilitangaza mfumo wa LMD kwa vyuo vikuu vya nchi nzima: licence miaka 3, master miaka 2, kisha doktora. Kwa karatasi hesabu ni nyepesi. Kwa maisha ya Kolwezi ni habari nyingine. Tuchukue mwanafunzi kama wengi walioko hapa Manika na Dilala. Mchana anafundisha masomo, ao anafanya kazi kwa kampuni fulani. Ameandikishwa hapa UNIKOL, ao Lubumbashi, kilomita kama 300, na promoteri wake yuko kule. Memwari yake inataka takwimu za mgodi, basi anaandika barua, anangojea jibu, anaandika tena. Usiku anafungua kompyuta, kura inakatika. Kuna feza ya chuo, feza ya kupiga kopi, feza ya mega, na feza ya kulisha watu siku ya kutetea. Juu ya hayo yote, kila mtu anayekutana naye njiani ana ulizo moja tu: "Yaya, utatetea lini?"

Wengine wanachoka. Wanamaliza masomo yote, wanabaki na memwari tu, miaka inapita. Kwa muji ambamo kampuni inaweza kukuita kazini kesho, ni rahisi kusema nitaandika kiisha. Wengi waliosema vile hawakurudi tena kwa kurasa zao, na miaka ile yote ya masomo ikabaki bila diplomi.

Si shida ya Kongo peke yake. Mwaka 2017 watafiti wa Ubelgiji walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya wanafunzi 3,659 wa doktora katika Flandre. Karibu nusu walikuwa na alama za kusumbuka rohoni, na mmoja kwa watatu hivi alikuwa katika hatari ya ugonjwa wa akili wa kawaida, kama vile huzuni nzito. Mwaka 2018 uchunguzi mwingine uliuliza wanafunzi 2,279 wa nchi 26: asilimia 39 walikuwa na alama za huzuni nzito kiasi ao nzito sana. Waliojibu walijibu kwa kupenda, kwa hiyo hesabu isichukuliwe kama ya watu wote. Linalogusa zaidi ni sababu ambazo Wabelgiji walipata: kazi inayoingilia jamaa na jamaa inayoingilia kazi, mzigo kuwa mwingi, na namna promoteri anavyoongoza. Mtu wa Kolwezi akisoma hiyo orodha atafikiri iliandikwa hapa.

Sasa mbona mtu anakaa na rafiki kwa terasi, chupa iko mbele, na kichwa kiko kwa chapita ya pili? Mwaka 1927 mwanamke mmoja aliyesomea Berlin, Bluma Zeigarnik, alitoa kazi iliyosema kwamba kitu ulichoanza bila kumaliza kinashikamana na mawazo kuliko kile ulichomaliza. Inasimuliwa kwamba wazo lilitoka kwa kuangalia wahudumu wa mkahawa, wanaokumbuka vizuri hesabu ya meza ambayo haijalipa. Watu wengine walirudilia majaribio yake na hawakupata kila mara jambo lilelile. Hata hivyo mwaka 2011 Wamarekani wawili, Masicampo na Baumeister, waliongeza jambo la faida: kazi isiyomalizika inaacha kukusumbua ukiisha kuifanyia mpango wazi, hata kabla ya kuimaliza.

Maana yake kwa matumizi ni hii. Mbele ya kufunga kompyuta, mwanafunzi achukue karatasi aandike mstari mmoja: kesho naanza na nini. Asiandike "kuendelea na chapita ya pili", hilo halisaidii. Aandike "kupanga jedwali la maji ya kisima cha tatu", ao "kumpigia simu mwalimu juu ya maulizo". Kisha afunge. Hiyo karatasi njo king'ora chake. Saa ya kufunga anaichagua mwenyewe, lakini akiisha kuichagua aiheshimu kama vile mfanyakazi anavyoheshimu basi ya kampuni.

Baada ya king'ora lazima kuwe na kitu. Hapa wengi wanakosea, sababu wanadhani kujinyima ni alama ya bidii. Mwanafunzi akichelewa, kitu cha kwanza anachokata ni kwaya. Kisha mpira wa jioni. Kisha kutembelea mama. Anasema nitarudi nikitetea. Peter Lewinsohn, mtaalamu wa Marekani, alionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba huo ni mtego: mtu anayepoteza mambo madogo yanayomfurahisha, roho yake inashuka, roho ikishuka, nguvu ya kufanya kazi inapungua, kazi ikipungua, anakata tena jambo lingine. Yeye na mwenzake walitengeneza orodha ya mambo 320 yanayoweza kumpendeza mtu, juu ya kumwuliza mgonjwa: katika haya, ni yapi uliyafanya mwezi huu? Dawa ilianzia hapo, kwa kuyarudisha moja moja.

Orodha ya Kolwezi haitaki feza nyingi. Bitumbula vya moto asubuhi na chai, umekaa chini, bila simu. Mahindi ya kuchoma kando ya barabara. Mvua ikianza, bowa kutoka porini, na maembe. Munkoyo wa baridi siku ya joto. Mchezo wa AS Simba, na mabishano yake, ambayo kwa wengine ni matamu kuliko mchezo wenyewe. Kwaya siku ya Mungu. Kusukwa nywele na dada huku mnacheka watu. Kuosha viatu vizuri, kwa muji wenye vumbi kama huu, nayo ni raha. Mwenye nafasi anaweza, mara moja kwa muda mrefu, kwenda kuona maji ya ziwa la Nzilo na kula samaki. Hiyo ni raha kubwa, si ya kila juma, na haina lazima.

Inafaa raha iwe ndogo, iwe na saa yake, na ikiwezekana iwe na watu. Simu ya mkononi inashindwa hapo: unaangalia video moja, saa mbili zinapita, unaamka umechoka zaidi na mega zimeisha. Pombe nayo ni jambo la kusema wazi. Simba moja na marafiki siku ya posho haijaua memwari ya mtu. Lakini wengine wanakunywa juu ya kulala, kila usiku, wakidhani wanapunguza mawazo. Pombe inaleta usingizi haraka, kisha inauvunja katikati ya usiku, na asubuhi kichwa hakiwezi kusoma. Lutuku ni mbaya zaidi.

Kwa wanawake hesabu inabadilika. Mama anayeandika memwari akifunga kompyuta, posti nyingine inamngojea: babula, sombe, mtoto mwenye homa, nguo za bwana. Kumwambia "jifurahishe kidogo" bila kuondoa kitu kwa mikono yake ni kumwongezea kazi. Raha yake ya kwanza mara nyingi ni saa moja ambayo mtu mwingine ameshika mtoto. Bwana, shangazi, mkubwa wa watoto, mtu yeyote. Lakini iwe saa inayojulikana, kila juma, isiyoombwa upya kila mara kama deni. Jamaa nyingi zinatoa feza ya masomo ya mtoto wa kike na kuhesabu kwamba zimemaliza, na bado zinamtafuta jikoni kila jioni.

Kuna wanaojibu kwamba muda ni muda, na muda wa kucheka haujazi kurasa. Kolwezi ina mfano wa kuwajibu. Mwaka 1966 mwanafunzi mmoja wa doktora, Mjerumani Johannes Fabian, alifika huku kutoka Chuo Kikuu cha Chicago. Utafiti wake wa mwaka 1966 na 1967 ulihusu Jamaa, ile jumuiya ya Wakatoliki iliyoanzishwa na padri Placide Tempels hapa Kolwezi miaka ya 1950. Tezi ikatoka mwaka 1969, kitabu mwaka 1971. Kisha alirudi kufundisha Lubumbashi, na humo akajuana na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Mwaka 1978 aliandika makala iliyoweka Jamaa kando ya nyimbo na picha zilizotundikwa kwa ukuta wa sebule za watu, akisema vyote ni fikra za watu wa hapa. Mwaka 1986, akila pamoja na marafiki kule Lubumbashi, alisikia mtu akisema kwamba madaraka yanaliwa mazima. Akapeleka neno lile kwa kundi la michezo la Mufwankolo kuuliza maana yake, wao wakalifanya mchezo mzima, na kitabu chake juu ya safari hiyo kikatoka mwaka 1990. Neno lilitoka kwa sahani, kati ya watu waliokuwa wanakula. Kwa hakika mlo mwingi hauzai kitabu, unashibisha tu, na hiyo nayo inatosha.

Yote haya ni kwa mtu aliyechoka. Aliye mgonjwa anahitaji jambo lingine. Kama majuma mawili yanapita mtu halali, hali vizuri, hakuna kinachompendeza hata vile alivyopenda zamani, ao anaanza kusema afadhali nife, bitumbula havitoshi. Aende kwa daktari, na mtu amsindikize. Haina haya kuliko malaria. Wanaoishi naye njo wanaoona kwanza, kuliko yeye mwenyewe.

Na promoteri? Mwanafunzi hawezi kumpa amri, lakini anaweza kumwomba tarehe. Kinachokula usingizi zaidi ya masahihisho makali ni kurasa zilizotumwa mwezi wa tatu zisizo na jibu mpaka mwezi wa sita: ziliharibika, hazikupendeza, ao hazikusomwa? Mwalimu mwenye wanafunzi wengi hana namna ya kusoma yote upesi, hilo linaeleweka. Neno fupi kwa simu, "nimepata, nitasoma juma lijalo", linamchukua dakika moja, na usiku ule mwanafunzi analala.