Jua Huchelewa Oli

Mwezi wa Februari, simu ikikuonyesha kwamba Arua, Uganda, ina digrii 33, ni rahisi kudhani umeshaambiwa yote unayohitaji kujua kabla ya kufunga kamba za raba. Kumbe namba hiyo, kwa mwili unaokimbia, ina uzito wa sehemu moja tu kati ya kumi.

Waliotufundisha hivyo walikuwa wakihangaika na askari. Miaka ya 1950, makuruta wa kikosi cha Marine cha Marekani, waliokuwa wakifanya mazoezi kwenye kambi ya Parris Island, walianguka kwa joto mara kwa mara. Mwaka 1957 Constantin Yaglou na David Minard wakachapisha njia mpya ya kupima hatari, kwa vipimajoto vitatu badala ya kimoja. Cha kwanza kimefungwa kitambaa kibichi, nacho huonyesha maji yanavyoweza kukauka na kupoza. Cha pili kimo ndani ya tufe jeusi la shaba lililoachwa juani. Cha tatu ni kile cha kila siku, kilichowekwa kivulini. Wakagawa uzito: kitambaa kibichi 70 kwa mia, tufe jeusi 20, cha kila siku 10. Mpaka leo majeshi na waandaaji wa mbio kubwa hutumia hesabu hiyo.

Kwa hiyo mkimbiaji wa Oli, mtaa wa mji wa Arua, akitaka kujua kama kuhamishia mazoezi alfajiri kuna maana, digrii za simu hazitoshi. Ana maswali mawili: jua liko wapi, na jasho langu litakauka?

Nianze na jua, maana hapo Oli ina bahati ambayo wengi hawaizungumzii. Saa za Uganda ni zilezile za Dar es Salaam na Mombasa, lakini Arua iko mbali magharibi, karibu kabisa na mpaka wa Kongo, na jua lina safari ndefu kufika. Katikati ya Februari Dar hulipata jua karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Oli hulisubiri mpaka saa moja na dakika kumi hivi. Mwanga wa kutosha kuona mashimo ya barabara hutangulia kama dakika ishirini. Mchana nao, jua la utosi si saa sita bali saa saba na dakika kumi, na hewa huendelea kupata joto hadi saa tisa au saa kumi. Anayehamia Oli kutoka pwani anaweza kulala nusu saa zaidi na bado akamaliza mazoezi kabla jua halijamgusa. Kwa upande mwingine, yule anayesema atakimbia jioni "kukiwa kumepoa" anangoja sana: jua linazama baada ya saa moja ya jioni, na lami, kuta za matofali na mabati vilivyoota joto tangu asubuhi bado vinalirudisha.

Kisha kuna mwinuko. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mawingu ya kiangazi ni machache, kwa hiyo joto la mchana halina blanketi la kulizuia usiku. Mchana hewa hupita digrii 30 bila taabu; alfajiri hushuka karibu na 18. Mombasa haipati pengo kama hilo.

Sasa jasho. Nyumba nyingi za Oli bado zina mtungi wa udongo kwenye kona yenye kivuli, na kila aliyekunywa maji yake mwezi wa Januari anajua yanavyopoza koo. Mtungi hupitisha maji kidogo kidogo kwenye vinyweleo vyake, yakifika nje yanakauka, na kila tone linalokauka linaondoka na joto. Mvua za Agosti zikishika, mtungi uleule haupoi vile, kwa sababu hewa imeshiba maji. Ngozi ya mkimbiaji inafanya kazi hiyohiyo kwa sheria hiyohiyo. Jasho linalodondoka chini halijakupoza; lililokupoza ni lile ambalo hukuliona, limekauka.

Na kazi yenyewe ni kubwa. Kukimbia hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 65 akienda kilomita 8 ametumia kama 520, na karibu zote huishia kuwa joto ndani yake, si mwendo. Kama joto hilo lisingetoka, mwili wake ungepanda zaidi ya digrii 8, yaani angekufa kabla hajamaliza. Lita moja ya jasho ikikauka yote huondoa karibu kilokalori 580. Kwa hiyo lita moja inatosha kumwokoa, kwa sharti kwamba ikauke. Ndiyo maana Yaglou na Minard walikipa kitambaa kibichi uzito wote ule.

Hapa wengi hushtuka wakitazama simu alfajiri, maana unyevu umeandikwa mkubwa kuliko wa mchana. Asilimia hiyo inadanganya kidogo. Inalinganisha maji yaliyomo hewani na yale ambayo hewa ya joto hilo inaweza kubeba, na hewa ya baridi hubeba machache. Ikigusa ngozi yako yenye digrii thelathini na kitu, inapata joto na nafasi ya kubeba zaidi inafunguka. Kiangazi cha West Nile, eneo la Arua, upepo mkavu ukishuka kutoka kaskazini, maji yaliyomo hewani ni haba alfajiri na mchana. Jasho linakauka.

Anayetaka kuona jinsi mambo yanavyoharibika unyevu ukiwa wa kweli, akumbuke Doha. Septemba 2019, kwenye mashindano ya dunia ya riadha, marathoni ya wanawake ilianza dakika moja kabla ya saa sita usiku, makusudi kulikwepa jua. Walianza 68, wakamaliza 40. Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda kwa saa 2:32:43, muda ambao siku ya baridi usingemshtua mtu. Waandaaji walikuwa wameliondoa tufe jeusi kwenye hesabu, lakini kitambaa kibichi kilibaki palepale, hewa ya Ghuba ikiwa nzito kwa maji. Miaka sita baadaye, jijini Tokyo, marathoni za dunia zilianza saa moja na nusu asubuhi badala ya saa mbili kwa sababu ya joto, na Alphonce Simbu wa Tanzania akaibuka bingwa kwa 2:09:48. Saa ya kuanzia inasaidia. Haifuti kila kitu.

Lakini hoja inayonishawishi zaidi haiko hewani, iko ndani ya mwili. Mwaka 1999 José González-Alonso na wenzake jijini Copenhagen walichapisha jaribio ambalo ningependa kila mwalimu wa michezo alijue. Waliwapandisha waendesha baiskeli saba wenye mazoezi kwenye baiskeli za maabara, katika chumba cha digrii 40, wakawaambia waendeshe mpaka washindwe. Kila mmoja alifanya hivyo mara tatu. Kabla ya kupanda, walikaa nusu saa kwenye maji: mara moja ya baridi, mara moja ya kawaida, mara moja ya moto, ili waanze na joto la ndani la digrii 35.9, au 37.4, au 38.2. Walioanza baridi walidumu dakika 63. Wa kati, 46. Walioanza na joto, 28 tu. La ajabu ni kwamba wote, mara zote tatu, walishindwa mwili ulipofika kwenye digrii zilezile, 40 na nukta kidogo. Ukomo ulikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni umbali wa kuufikia.

Na mwili wa binadamu una ratiba yake ya joto bila kuogeshwa na mtu. Hushuka chini kabisa karibu saa kumi au kumi na moja alfajiri, kisha hupanda polepole hadi kilele cha jioni, tofauti ikikaribia nusu digrii na wakati mwingine zaidi. Watafiti wa Uingereza waliochapisha matokeo yao mwaka 2009 waliwapandisha wanaume baiskeli kwenye chumba cha digrii 35, asubuhi mapema na jioni. Chumba ni kilekile, joto ni lilelile, jua halipo. Asubuhi walidumu zaidi. Kwa hiyo hata kama Arua ingekuwa na joto moja saa ishirini na nne, alfajiri ingebaki na faida yake.

Ina hasara pia, na sioni sababu ya kuzificha. Misuli ya alfajiri ni migumu, na mbio za kasi, zile za kupima saa, kwa kawaida hutoka vizuri zaidi alasiri. Dakika kumi za kutembea kabla ya kukimbia si anasa. Kiangazi ni msimu wa kuchoma nyasi, na hewa baridi ya alfajiri hukaa chini, ikishika moshi wa mkaa na wa taka zilizochomwa jana. Ukiona ukungu wa kijivu bondeni, panda upande wa juu wa mji. West Nile ni miongoni mwa sehemu za Uganda zenye malaria nyingi, na mbu wake huuma usiku wa manane hadi kunakucha. Anayekimbia hawamfikii kwa urahisi. Humpata yule anayewasubiri wenzake kwenye baraza.

Giza ni habari nyingine. Boda boda zisizo na taa zinajulikana, na mwanamke anayekimbia peke yake saa kumi na moja na nusu ana hofu ambayo hakuna kipimajoto kinachoipima. Kwa wanawake kama huyo nafasi nzuri ni kuanzia saa moja kasoro, wawili watatu pamoja, kwa sababu kama nilivyosema jua la Oli halina haraka. Wanaokimbia na nguo ndefu na hijabu wasikubali kila wanachoambiwa kuhusu rangi nyeusi. Mwaka 1980 jarida la Nature lilitoa utafiti juu ya kanzu nyeusi za Mabedui wa jangwani: joto la ziada lililomezwa na kitambaa cheusi lilipotea kabla ya kufika kwenye ngozi, kwa kuwa kanzu ilikuwa pana na hewa ilipita chini yake. Kinachobana ndicho cha kuogopa.

Kuna kitu kingine ambacho alfajiri humnyang'anya mtu polepole: mazoea ya joto. Mwili uliozoea joto hubadilika ndani ya siku kumi hadi kumi na nne: maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema na chumvi yake hupungua, moyo hauendi mbio kama mwanzo. Ujuzi huu ulipatikana kwa sehemu kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, ambako miaka ya 1930 daktari Dreosti aliwafanyisha vibarua wapya kazi kwenye vyumba vya joto kabla hawajashushwa chini. Ni Waafrika waliolipia elimu ambayo leo wanariadha wa Ulaya wanainunua kwa fedha. Mpiga matofali wa Oli ana mazoea hayo bure. Karani anayekimbia alfajiri na kushinda chini ya feni hana, na akialikwa mbio zinazoanza saa tatu asubuhi ataachwa na mpiga matofali. Dawa yake ni kutoka na jua mara chache kwa wiki, taratibu, wiki mbili kabla.

Halafu kuna Ramadhani, ambayo miaka hii imeangukia Februari na Machi, wakati wa joto kali. Hapo alfajiri inageuka. Ukikimbia baada ya daku na swala ya alfajiri, ile lita moja ya jasho hutairudisha mpaka magharibi, saa kumi na mbili na zaidi baadaye, na kazi za mchana zinakungoja. Mwezi huo ningechagua nusu saa ya mwisho kabla ya futari, mwendo mfupi na wa polepole. Mwili una joto zaidi, lami pia, lakini maji yako umbali wa adhana moja.

Na ukimkuta mwenzio anayumba, anajibu maneno yasiyoeleweka, ngozi inawaka, usianze kutafuta pikipiki. Kwenye mbio za Falmouth huko Marekani, watu 274 waliopatwa na kiharusi cha joto katika miaka 18 waliingizwa kwenye maji ya barafu palepale, na hakuna aliyekufa. Barafu Oli ni shida, maji si shida. Mlaze kivulini, mvue raba na nguo nzito, mmwagie jerikeni baada ya jerikeni kuanzia kichwani, na mwingine ampepee kwa nguvu kwa khanga au kipande cha katoni ili maji yakauke. Akianza kukujibu vizuri na kutetemeka kwa baridi, hapo ita boda na umpeleke hospitali ya rufaa.