Hedifoni Ikilia Upande Mmoja: Ikague Kabla ya Kuitupa

Mwanafunzi wa Kakuyuni anayefuatilia masomo kwa simu jioni, nyumba ikiwa na watu wengi, hutegemea hedifoni yake ili asisumbue wala kusumbuliwa. Siku upande mmoja ukinyamaza, wengi huitupa na kuweka akiba ya kununua nyingine Malindi mjini. Mara nyingi kifaa hicho hakijafa. Huwa ni uchafu, mpangilio wa simu uliobadilika au waya mwembamba uliokatika ndani ya mpira. Makala haya yanawaeleza wakaazi namna ya kutambua tatizo, kulirekebisha, na kujua ni lini waende kwa fundi au kwa daktari.

Anza na sikio

Kabla ya kulaumu kifaa, geuza hedifoni ili upande wa kulia ukae sikio la kushoto. Ukimya ukihamia sikio la pili, tatizo ni la kifaa au simu. Ukibaki kwenye sikio lile lile, tatizo ni la sikio.

Huenda ni nta tu. Usiichokonoe kwa kijiti wala pini ya nywele, kwani huisukuma ndani na inaweza kutoboa ngoma ya sikio. Lakini mtu aliyepoteza usikivu wa sikio moja ghafla, kwa saa chache au siku moja mbili, afike kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hali hiyo ina matibabu, na kila siku inayopita hupunguza nafasi ya kupona.

Je, ni simu au ni hedifoni?

Chomeka hedifoni kwenye simu nyingine au redio. Ikilia pande zote mbili, kosa liko kwenye simu ya kwanza. Fanya mambo mawili:

1. Zima simu, kisha mulika tundu la hedifoni kwa tochi. Pamba za mfukoni na vumbi hujikusanya chini na kuzuia pini isifike mwisho. Zitoe taratibu kwa kijiti kikavu cha meno. Usitumie sindano wala waya, na usipulize kwa mdomo, kwa sababu mate huleta kutu.

2. Fungua mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, utafute sauti. Hapo kuna mstari wa kugawa sauti kati ya kushoto na kulia. Ukiwa umesogezwa upande mmoja, urudishe katikati.

Ikiwa hedifoni imenyamaza upande ule ule kwenye kila kifaa, kosa ni lake. Futa pini kwa kitambaa kikavu. Ikiwa na madoa ya kutu, ambayo huja haraka kwenye hewa ya chumvi ya pwani, tumia kitambaa kilichotiwa spiriti kidogo na uache ikauke. Angalia pia wavu mdogo unaoingia sikioni. Nta ikiuziba, sauti hufifia hata kama nyaya ni nzima. Usugue kwa mswaki mkavu, tundu likielekea chini.

Kutafuta waya uliokatika

Waya hukatika zaidi sehemu mbili: karibu na pini, na pale unapoingia kwenye kipaza sauti cha sikio. Hizo ndizo sehemu zinazokunjwa kila siku. Weka muziki, kisha ukunje waya kidogo kidogo kuanzia kwenye pini. Mahali ambapo sauti inarudi na kupotea ndipo palipokatika. Fundi mwenye mita ya umeme anaweza kuthibitisha: spika nzima ya hedifoni ya kawaida huonyesha takriban omu 16 hadi 32, na waya uliokatika hauonyeshi kitu.

Pini ya kawaida ina kipenyo cha milimita 3.5. Ncha yake hupeleka sauti ya kushoto, na pete inayofuata hupeleka ya kulia. Sehemu iliyobaki ni njia ya kurudisha umeme, ambayo pande zote mbili huitumia. Hedifoni yenye maikrofoni ina pete moja zaidi. Kwa hiyo upande mmoja ukizimika peke yake, mara nyingi waya mmoja tu ndio umekatika.

Kazi ya kulehemu

Ikiwa kifaa kinastahili kutengenezwa, hatua ni hizi:

1. Kata waya sentimita mbili hivi kila upande wa sehemu mbovu.

2. Menya mpira wa nje. Rangi za ndani hutofautiana: mara nyingi nyekundu ni kulia, kijani au bluu ni kushoto, na rangi ya shaba ni njia ya kurudi. Hakikisha kwa mita, usikisie.

3. Nyuzi hizo zimepakwa rangi inayozuia umeme. Isipotoka, lehemu haishiki, na hapa ndipo wengi hushindwa. Ikwangue taratibu, au gusisha ncha kwa chuma cha kulehemu chenye risasi ya moto hadi ing'ae.

4. Unganisha rangi kwa rangi na ulehemu. Funga kila kiungo kwa utepe wake, kisha funga vyote pamoja. Viungo viwili vikigusana, sauti itapotea tena.

5. Jaribu kabla ya kufunga kabisa.

Fanya kazi hii mahali penye hewa, mbali na watoto, na unawe mikono baadaye, kwani risasi ni sumu.

Iyafoni zisizo na waya hazifai kufunguliwa nyumbani, kwa sababu betri yake inaweza kuwaka moto ikitobolewa. Safisha vituo vya chaji, rudisha zote mbili kwenye kasha zichajiwe, kisha zifute kwenye simu na uziunganishe upya.

Ukisubiri fundi

Kwenye sehemu ile ile ya ufikivu, washa sauti ya mono. Sauti zote zitapita upande mzima, na mwanafunzi hatakosa maneno. Ila asipandishe sauti kufidia sikio la pili. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda salama hushuka hadi saa 4.

Zisizotengenezeka

Usichome nyaya ili kupata shaba, kwani moshi wa mpira huo una sumu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawataka wakaazi kutenganisha taka. Hedifoni mbovu zisichanganywe na maganda ya jikoni. Zipelekwe kwa fundi wa simu, ambaye anaweza kutumia pini au spika yake kuokoa nyingine.

Vijana wanaotaka kuugeuza ujuzi huu kuwa riziki wanaweza kuulizia mafunzo ya umeme katika vyuo vya ufundi stadi vya kaunti, au kupitia ofisi ya msimamizi wa wadi. Haba na haba hujaza kibaba: ukarabati mdogo kama huu humfundisha mtu kulehemu kabla hajagusa redio au simu ya mteja.