Gobori la babu lililozikwa mikokoni

UKIVUKA kivuko cha Likoni na kuishika barabara ya Lunga Lunga, ukaipita Diani na hoteli zake, kisha Gazi, kisha Msambweni, utafika mahali pa kuiacha lami na kufuata njia ya vumbi iendayo baharini. Mwisho wa njia hiyo ni Bodo, kijiji cha wavuvi ambako watu hupandia mashua za kwenda kisiwa cha Funzi.

Bodo watu huzungumza nyavu, madema na bei ya samaki. Mimi nilikwenda huko kuulizia jambo jingine kabisa: bunduki za kale, zile za kushindiliwa baruti kwa mdomoni, ambazo wazee wa pwani ya kusini wanasimulia kwamba zilining'inia darini mwa babu zao.

Mzee mmoja wa miaka 78, aliyeomba jina lake lisiandikwe gazetini, alinipokea barazani kwake. "Marahaba, mwanangu. Karibu kitako," aliitikia salamu yangu. Nilipomweleza kilichonileta alinyamaza kitambo, akamtupia jicho mjukuu wake, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekuja likizo. Kisha akamtuma ndani alete pembe.

Kijana alirudi na pembe ya ng'ombe iliyopauka kwa uzee, mdomoni imezibwa kwa kizibo cha mti. Ndiyo pembe ya baruti. Pamoja nayo palikuwa na ufito wa chuma wenye kutu, urefu wake unapita mkono wa mtu mzima.

"Huu ni mdeki," alisema mzee. "Ndio uliokuwa ukishindilia. Gobori lenyewe halipo."

Mtaji wa mitumba

Kabla hatujafika kwenye habari ya gobori hilo lilikokwenda, ni vyema msomaji aelewe lilivyofika.

Katika miaka ya 1860 na 1870, majeshi ya Ulaya yalibadilisha silaha zao. Bunduki za kushindilia kwa mdomoni ziliachwa, zikaja za viasi, zinazotiwa risasi kwa nyuma. Uingereza ilichagua Martini-Henry mwaka wa 1871, na mwaka huo huo Wajerumani wakachagua Mauser. Maghala yakajaa bunduki kuukuu zisizotakiwa tena.

Wafanyabiashara wakaona faida. Miji ya Liège nchini Ubelgiji na Birmingham nchini Uingereza, iliyokuwa na mafundi wengi wa bunduki, ilizitengeneza upya silaha hizo na kuunda nyingine za kufanana nazo, kisha zikapakiwa merikebuni kuja Afrika. Kwa maneno mengine, zilikuwa mitumba ya vita. Mwaka wa 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilisafiri bara pamoja na misafara ya pembe za ndovu.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels, uliopiga marufuku kuingiza silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Lakini mkataba huo uliacha mlango mdogo: bunduki za gumegume zisizokuwa na mifuo ndani ya kasiba, na baruti ya kawaida, ziliweza kuruhusiwa. Hivyo Mwafrika aliachiwa silaha ya enzi za kale, na mtawala akabaki na ile ya kisasa.

Bunduki ya gumegume hufyatuka kwa jiwe. Mtambo ukiachiwa, jiwe hupiga chuma, cheche huangukia baruti kidogo iliyo kando ya kasiba, na moto hupenya tundu dogo hadi kwenye shindilio. Mvua ikinyesha, mwenye bunduki hana lake. Baadaye zilikuja za fataki, ambazo haziogopi sana maji.

Vita vya Mbaruk

Watu wa pwani ya kusini walizitumia silaha hizi katika vita ambavyo jina lake halijafutika. Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyekuwa na makao yake Gazi, alipambana kwa miaka mingi na masultani wa Unguja, kisha akageukia Waingereza. Mwezi wa Februari 1895 ugomvi wa urithi ulizuka Takaungu, na moto wake ukamfikia Mbaruk.

Tarehe 1 Julai 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya nchi hii. Mwezi uliofuata Admirali Rawson aliongoza wanajeshi wa majini kutoka pwani hadi Mwele, ngome ya Mbaruk nyuma ya milima ya Shimba, na kuiteka tarehe 17 Agosti. Mbaruk hakukamatwa. Aliendelea kupigana mwituni hadi Aprili 1896, alipovuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Alifariki Dar es Salaam mwaka wa 1910.

"Babu yangu alikuwa kijana wakati huo," alieleza mzee wa Bodo. "Alisema gobori alilipata vita vilipokwisha, kwa mtu aliyekuwa hataki kuonekana nalo. Hakupigania watu. Alipigia nguruwe na nyani shambani."

Vita vilirudi tena baada ya miaka 18. Oktoba 1914 Wajerumani walivuka mpaka na kuishambulia Gazi, wakarudishwa nyuma. Askari wao wengi walikuwa bado wanabeba ile Mauser ya 1871, ambayo baruti yake ilitoa wingu la moshi na kumfichua aliyepiga.

Habari ya kustaajabisha zaidi ni ya Aprili 1915. Meli ya Kijerumani iitwayo Rubens iliponyoka manowari za Waingereza ikaingia ghuba ya Manza, karibu na Tanga. Ilishambuliwa na ikapata maji, lakini shehena yake iliokolewa, zikiwamo bunduki mpya zipatazo 1,800. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Zikafunguliwa, baruti ikakaushwa, zikasafishwa na kujazwa upya kwa mikono. Huenda hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote ya kufufua silaha iliyopata kufanyika katika pwani hii.

Usiku wa 1997

Gobori la Bodo lilinusurika na vita vyote hivyo. Halikuweza kunusurika na hofu.

Agosti 13, 1997, kundi la washambuliaji lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, likaua polisi na kupora bunduki. Ghasia zilizofuata ziliwang'oa maelfu ya watu makwao. Msako wa silaha ukaenea vijiji vya Kwale.

"Mama yangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyekata shauri," alisema mzee. "Aliniambia, 'Mwanangu, hilo likionekana hakuna atakayeuliza ni la mwaka gani.' Usiku nililiviringisha kwa gunia, nikalipeleka mikokoni maji yalipokupwa, nikalizika matopeni. Pembe na mdeki nikasahau. Asubuhi nikaviona, lakini sikuwa na moyo wa kurudi."

Mjukuu wake sasa anataka kulifukua. Amesoma kwamba nchi za nje wako watu wanaokusanya bunduki kama hizo, wakazisafisha na hata kuzipiga shabaha. Ni kweli. Tangu 1971 iko jumuiya ya kimataifa ya wapiga bunduki za kushindilia, MLAIC, na mashindano yake huwa na makundi mawili: silaha za asili na nakala zilizoundwa upya. Kule Birmingham, tangu 1813 kuna nyumba maalumu ya kujaribia kasiba, ambako bunduki hupigwa kwa shindilio kubwa kuliko la kawaida ili ijulikane kama itahimili. Na Oman, sokoni Nizwa, bunduki za kale huuzwa na kununuliwa, na wanaume huzibeba katika ngoma za harusi.

Lakini desturi za Oman si sheria za Kenya. Hapa, kwa mujibu wa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, mwenye bunduki sharti awe na cheti. Kusema kwamba ni ukumbusho wa babu hakutamlinda kijana atakayekutwa nayo njiani.

Usilijaribu

Sheria kando, iko hatari yenyewe. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Ikiwa imekaa pakavu, haizeeki upesi. Gobori liliweza kuwekwa ukutani likiwa limeshindiliwa, na likakaa hivyo miaka 100. Ndiyo maana fundi mwenye ujuzi, kabla ya jambo lolote, hutia ufito ndani ya kasiba, akatia alama ulipoishia, kisha akaulaza ufito huo kwa nje. Ukiishia mbali na tundu la moto, kuna kitu ndani.

Jambo la pili ni kutu. Masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu, na hewa ya bahari ina chumvi. Zamani, baada ya kupiga, mwenye gobori aliosha kasiba kwa maji moto, akaikausha na kuipaka mafuta. Kasiba isiyopata utunzaji huo huliwa kwa ndani, na kwa nje ikaonekana nzima. Ikipigwa hupasuka usoni pa mpigaji.

Wahifadhi wa makumbusho hawahangaiki kulirudisha gobori lipige. Wao husimamisha kutu, wakalinda mti wa kitako na alama za kiwandani. Hawatumii msasa, maana ukizifuta alama zile umefuta kila kitu kinachoonyesha chombo kilitoka wapi.

Mwenye kukuta bunduki ya namna hii darini au ardhini ni bora aiache ilipo, asiishike, atoe habari kwa polisi na kwa Makumbusho ya Taifa, ambayo ofisi yake ya karibu ni Fort Jesus, Mombasa. Makumbusho yasitupwe nyuma katika jambo hili. Novemba 2016 serikali ilichoma moto bunduki zaidi ya 5,000 huko Ngong. Ni jambo la heri kwa amani, lakini moto hauwezi kutofautisha silaha ya jambazi na gumegume la zama za Mbaruk.

Tena sheria ya makumbusho ya mwaka wa 2006 inavitambua vitu vilivyoundwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa vya kale, na haviwezi kupelekwa nje bila kibali. Pembe ya mzee yaweza kuwa ni mojawapo, na kuiweka pembe hakuhitaji cheti cha bunduki.

Nilimwuliza mzee kama atakubali kulionyesha kaburi la gobori lake. Alitazama upande wa mikoko, ambako maji yalikuwa yanajaa.

"Mahali napajua," alisema. "Lakini mikoko imeota juu yake. Ukilitaka gobori utakata miti, na mikoko ndiyo inayotuletea samaki. Na likitoka litakuwa kutu tupu. Tumwache."

Mjukuu hakufurahi, lakini alichukua daftari lake la shule. Babu akamwambia aandike: gobori lilikuwa la nani, lilitoka kwa nani, lilizikwa lini na kwa nini. Kijana aliuliza tarehe, mzee akazihesabu kwa mwezi na kwa msimu wa kusi. Nilipokuwa nikiondoka kurasa mbili zilikwisha kujaa, na pembe ilikuwa juu ya mkeka kati yao, wakibishana kama wataipeleka Fort Jesus au itabaki nyumbani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya Bodo imekwisha kupotea, lakini habari yake sasa ina daftari.