KIKOHOZI KIKAVU: TANGAWIZI INASAIDIA, LAKINI HESABU SIKU



Tangu vumbi lianze, kila tunapopita majumbani tunaulizwa juu ya dawa za kikohozi za Kihindi. Je, zinaponya?

Wahindi wana tiba yao ya jadi ya tangu zamani, iitwayo Ayurveda. Inafundisha kwamba kikohozi kikavu, kile kisichotoa makohozi, huletwa na upepo unaokausha mwili. Ndiyo maana hutibiwa kwa vitu vya kulainisha: asali, samli, maziwa ya moto yenye manjano. Huongezwa pia tangawizi au pilipili manga.

Ukitaka kujaribu, ponda tangawizi ukubwa wa kidole gumba, uchemshe katika vikombe 2 vya maji mpaka kibaki 1. Ikiwa vuguvugu, ndipo utie kijiko cha asali, kwa maana Ayurveda inakataza kuchemsha asali. Kunywa kidogo kidogo kabla ya kulala. Mimi huinywa, inawasha, lakini koo linatulia. Asali ikikosekana, tia sukari kidogo. Usiuze posho ya watoto kwa ajili ya asali!

Mtoto aliye chini ya mwaka 1 asipewe asali kabisa, hata kulambishwa. Asali huweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli yake hata ashindwe kupumua. Aliye chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu.

Tena, usinunue unga usio na jina unaofungwa katika karatasi. Baadhi ya dawa za Ayurveda zilipopimwa zilikutwa na risasi na zebaki, ambazo ni sumu. Tangawizi unaiona kwa macho yako. Unga huo hujui ni nini.

Dawa hizi hutuliza koo. Haziui vijidudu vya kifua kikuu, ambacho mwanzoni huweza kufanana na kikohozi cha kawaida. Ukikohoa wiki 2 au zaidi, nenda kituo cha afya ukapimwe. Usingoje wiki 2 ukiwa unatoa damu, unakonda, au unatoka jasho jingi usiku. Kifua kikuu kinapona kwa vidonge vya kila siku, kwa kawaida miezi 6.

Mtoto anayepumua haraka haraka, au ambaye kifua kinabonyea anapovuta pumzi, apelekwe siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.