Sanduku la Kufuli Tatu: Bunge Nalo Likaguliwe

Siku ya mkutano wa kikundi cha akiba, katika vijiji vingi vinavyozunguka Bwera na Kasese, sanduku la chuma huwekwa katikati ya wanachama, nalo halifunguliwi na mtu mmoja. Lina kufuli tatu. Ufunguo wa kwanza hukaa kwa mama huyu, wa pili kwa yule, wa tatu kwa mwingine. Na sanduku lenyewe hulazwa nyumbani kwa mtu wa nne, asiye na ufunguo hata mmoja. Fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote, na kila aliyeketi huondoka akikijua kiasi kilichobaki.

Katika utaratibu huo hakuna anayemwita mwenzake mwizi. Wanachama wameamua tu kwamba uaminifu usiachiwe moyo wa mtu mmoja, kwa kuwa moyo wa binadamu hubadilika, bali uwekwe katika sheria ya kikundi.

Busara hiyo ya kijijini yafaa ikumbukwe kila yanapozungumzwa matumizi ya sanduku kubwa kuliko yote, yaani Hazina ya taifa, na hasa sehemu ile inayotumiwa na Bunge. Bunge ndilo lililopewa kazi ya kuwauliza mawaziri na makatibu wao wametumiaje mali ya wananchi. Swali linalobaki ni hili: anayewauliza wenzake, yeye anaulizwa na nani?

FEDHA ZA APRILI, MAFURIKO YA MEI

Wakazi wa wilaya ya Kasese wana sababu ya kuukumbuka mwaka 2020. Mwezi wa Aprili nchi ilikuwa imefungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Magari ya abiria yalikuwa yamesimamishwa, na mpaka wa Mpondwe, ambao kwa kawaida hujaa watu wa Uganda na Kongo wenye vikapu na magunia, ulikuwa umefungwa kwa wasafiri. Katika siku hizo Bunge lilipitisha bajeti ya nyongeza, na ndani yake zilitengwa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya wabunge wenyewe. Kila mbunge aliingiziwa shilingi milioni 20, kwa maelezo kwamba zingemsaidia kupambana na ugonjwa huo jimboni kwake.

Wabunge wawili, Gerald Karuhanga na Jonathan Odur, hawakuridhika, wakaenda mahakamani. Mwishoni mwa mwezi huo huo Mahakama Kuu iliamuru fedha hizo zirejeshwe kwa Tume ya Bunge au zikabidhiwe kamati za kupambana na ugonjwa, ya taifa na za wilaya. Rais Yoweri Museveni naye alisema hadharani kwamba halikuwa jambo la uadilifu kwa wabunge kujigawia fedha wakati taifa limo katika dhiki, akataka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alichunguze.

Kabla mazungumzo hayo hayajapoa, tarehe 7 Mei 2020, mto Nyamwamba ulishuka kwa kishindo kutoka milima ya Rwenzori, ukiviringisha mawe na magogo, ukaivamia Hospitali ya Kilembe. Majengo yaliharibiwa, vifaa vikazolewa, wagonjwa wakahamishwa. Mto huo ulikuwa umekwisha kuleta maafa katika bonde hilo hilo mwezi wa Mei 2013. Safari hii mito mingine ya wilaya, ikiwamo Nyamugasani na Lhubiriha, ilifurika pia, na maelfu ya watu wakaachwa bila makazi.

Hakuna mwenye akili timamu atakayesema kwamba milioni 20 za mbunge zingeuzuia mto. Jambo lenyewe ni kwamba shilingi moja haiwezi kukaa mahali pawili. Ikiisha kutolewa posho, haipo tena ya kujenga ukingo wa mto, ya kununua dawa, wala ya kuezeka darasa.

Wilaya hiyo hiyo yaweza kutoa mfano wa pili, ulio mwema. Mwezi wa Juni 2019 mtoto wa miaka mitano, aliyevuka mpaka pamoja na jamaa zake kutoka Kongo, alipokelewa katika Hospitali ya Kagando, kisha akapelekwa katika kituo cha kutibu Ebola huko Bwera. Mtoto huyo alifariki, na msiba huo uliwagusa wengi. Hata hivyo ugonjwa haukuenea miongoni mwa wenyeji wa Uganda. Matayarisho yalikuwa yamefanywa mapema: kituo kilikuwa tayari, na wahudumu wa afya karibu 4,700 nchini walikuwa wamechanjwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kuonekana. Hivyo ndivyo fedha za umma zinavyookoa roho zinapofika zinakotakiwa kabla ya saa ya hatari.

FUNGUO ZIKO MIKONONI MWA NANI?

Ili kuelewa ugumu wa kulikagua Bunge, yafaa kuzitazama funguo zake mmoja baada ya mwingine.

Ufunguo wa kwanza ni wa kupanga malipo. Kifungu cha 85 cha Katiba ya mwaka 1995 chasema kwamba malipo ya mbunge yatakuwa kama yatakavyoamuliwa na Bunge. Kwa maneno mengine, mtumishi ndiye anayejiandikia mshahara.

Ufunguo wa pili ni wa kutumia. Huo umo mikononi mwa Tume ya Bunge, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Mwenyekiti wake ni Spika. Pamoja naye huketi Naibu Spika, Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni, Kiongozi wa Upinzani, Waziri wa Fedha, na wabunge wanne wa viti vya nyuma. Katibu wa Bunge ndiye afisa anayewajibika kwa hesabu.

Ufunguo wa tatu ni wa kukagua. Huo anao Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambaye kifungu cha 163 kimempa uwezo wa kuchunguza hesabu za umma, za Bunge zikiwamo. Ufunguo huu uko nje ya nyumba, na ni jambo la kushukuru.

Lakini ripoti ya mkaguzi ikiisha kuandikwa, hupelekwa wapi? Hupelekwa Bungeni, nalo Bunge lina miezi sita ya kuijadili na kuchukua hatua. Kwa hiyo ripoti inayohusu Bunge hurudi mezani kwa Bunge. Wenye kupanga, wenye kutumia na wenye kuhukumu ni watu wa nyumba moja. Mama wa kikundi cha akiba cha Bwera angelitazama sanduku hilo na kuona mara moja kasoro yake: kufuli ni nyingi, lakini funguo karibu zote zimetundikwa kwenye msumari mmoja.

Kanuni za Bunge zimejaribu kuirekebisha kasoro hiyo kwa njia moja ya maana. Wenyekiti wa kamati za kukagua hesabu, kama vile Kamati ya Hesabu za Serikali, hutoka upande wa upinzani. Kasese imewahi kuwa karibu sana na madaraka hayo. Winnie Kiiza, aliyekuwa mbunge mwanamke wa wilaya hiyo tangu mwaka 2006, aliteuliwa mwaka 2016 kuwa Kiongozi wa Upinzani Bungeni, akashika kazi hiyo hadi mwaka 2018. Kwa cheo hicho aliketi pia katika Tume ya Bunge. Ni heshima kubwa kwa wilaya; lakini cheo hicho kina mtego wake, kwa kuwa mpinzani anayepaswa kuuliza juu ya matumizi huketi katika meza ile ile yanapoamuliwa.

Mtego huo ulionekana wazi baadaye. Mwezi wa Mei 2022, Tume ya Bunge iliidhinisha malipo yaliyoitwa tuzo ya utumishi kwa wajumbe wake wanne: shilingi milioni 500 kwa Mathias Mpuuga, aliyekuwa Kiongozi wa Upinzani wakati huo, na milioni 400 kwa kila mmoja wa wabunge watatu wa viti vya nyuma. Jumla yake ni shilingi bilioni 1.7. Waliopokea walijitetea kwamba malipo hayo yaliidhinishwa kwa utaratibu halali. Na hapo ndipo penye fundisho: jambo laweza kupita katika kila mlango wa taratibu, na bado mwananchi akaona kwamba waliogawa na waliogawiwa walikuwa wakitazamana usoni.

Tena kulikuwa na suala la magari. Mwaka 2021 kila mbunge wa Bunge la 11 alipewa shilingi milioni 200 za kununulia gari. Kwa wabunge 529, hesabu hiyo ni shilingi bilioni 105.8. Wilaya ya Kasese katika Bunge hilo ilikuwa na viti sita.

Habari za tuzo ya utumishi hazikuletwa kwa umma na kamati yoyote. Zilijitokeza mapema mwaka 2024, pale wananchi, miongoni mwao mwanasheria na mwandishi wa habari Agather Atuhaire, pamoja na mhadhiri na mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo, walipoanza kutandaza nyaraka za matumizi ya Bunge katika mitandao ya simu, wakiliita jambo hilo maonyesho. Mwezi wa Julai mwaka huo vijana waliotaka kuandamana hadi Bungeni walizuiwa na polisi, na makumi yao wakakamatwa. Bila shaka kila askari aliyesimama barabarani siku hiyo, na kila mzazi aliyekuwa na mtoto upande wa pili, angependelea swali hilo lijibiwe kwa daftari kuliko kwa rungu.

WENZETU WAMEFANYAJE?

Nchi nyingine zimeona shida hiyo hiyo na kuhamisha ufunguo. Kenya, katika Katiba yake ya mwaka 2010, iliunda tume ya kupanga mishahara ya watumishi wa umma, na wabunge wakawekwa chini yake. Wabunge hawakuupenda uamuzi huo, na mwaka 2013 walivutana sana na tume hiyo. Wananchi wenye hasira walifika hata kufungulia nguruwe mbele ya lango la Bunge la Nairobi. Mvutano upo, lakini angalau mtu wa nje anashika ufunguo.

Uingereza nayo ilifedheheka mwaka 2009, magazeti yalipotoa hesabu za madai ya wabunge. Spika wa Bunge la nchi hiyo alijiuzulu, baadhi ya wabunge wakafungwa gerezani, na kikaundwa chombo cha kujitegemea cha kusimamia malipo yao. Bunge lenye umri wa karne nyingi, lililofundisha mengine taratibu zake, nalo lilihitaji kuongezewa kufuli.

JAMBO HILI LAIHUSU KAMBI

Huenda askari mmoja akasema kwamba hayo ni mambo ya siasa, naye si mwanasiasa. Ni kweli kwamba Katiba inamtaka mwanajeshi asiegemee chama chochote. Lakini kuulizia hesabu si uchama. Jeshi lenyewe lina wawakilishi 10 Bungeni. Ni kweli pia kwamba mishahara ya jeshi, polisi na magereza imesamehewa kodi ya mapato. Hata hivyo mke wa askari anaponunua sabuni dukani, au mtoto wake anapoweka muda wa maongezi katika simu, kodi imo ndani ya bei. Hakuna familia ya kambini isiyochangia sanduku hilo.

Aidha, askari wanajua kuliko wengi madhara ya daftari lisilokaguliwa. Mnamo mwaka 2003 taifa lilitikiswa na habari za wanajeshi hewa, majina yaliyopokea mshahara ilhali hayana mwili wala bunduki. Aliyeumia kwanza ni yule askari wa kweli aliyekuwa mstari wa mbele, akidhani kikosi chake ni kikubwa kuliko kilivyokuwa.

Mwananchi naye hakuachwa mikono mitupu. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005 inampa raia haki ya kuomba kumbukumbu za vyombo vya Serikali, na ofisi inayoombwa inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Ripoti ya kila mwaka ya Mkaguzi Mkuu hutolewa kwa umma. Yapo pia mabaraza ya wananchi, yaliyoanzishwa mwaka 2009 chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambamo maofisa husimama mbele ya watu wa tarafa na kueleza fedha zilizoletwa na kazi iliyofanywa. Mbunge anaporudi nyumbani kuhudhuria maziko au harusi, si utovu wa adabu kumwuliza: Mheshimiwa, ripoti ya mkaguzi inasemaje juu ya Bunge lenyewe, nawe ulipiga kura gani?

Hata hapo wananchi wajitazame. Mbunge anayetarajiwa kulipia kila jeneza, kuchangia kila harambee na kumpa nauli kila anayebisha hodi, atazitafuta fedha hizo mahali fulani. Anayeomba posho ya mbunge Jumapili hana sauti ya kuilaumu Jumatatu.

Jioni, kikao cha akiba kinapokwisha, sanduku hufungwa tena. Kufuli hulia moja, mbili, tatu. Mama wenye funguo hutawanyika kila mmoja kwa njia yake, na asiye na ufunguo hujitwisha sanduku kwenda nalo nyumbani. Wanachama hulala usingizi bila wasiwasi, maana kila mmoja aliiona hesabu kwa macho yake. Taifa zima nalo lastahili usingizi kama huo.