Cheche Zinazojificha Nyuma ya Redio

Katika barabara za vijijini za Bureti, jioni ya manyunyu, mtu anayesikiliza redio ya masafa ya kati akipita chini ya nyaya za kilovolti 33 huweza kusikia mtangazaji akifunikwa na mkwaruzo mkavu. Akisogea mbele kidogo, sauti inarudi. Wengi hulaumu betri, ilhali mara nyingi tatizo liko juu ya nguzo. Kihami cha kauri kimepasuka au kimejaa vumbi la murram, ukungu umekilowesha, na stima inarusha vijicheche juu ya uso wake. Kila cheche, hata iwe ndogo vipi, hutoa mawimbi ya redio.

Wahandisi walilijua hilo zamani. Katika miaka ya 1940 huko Marekani, uzima wa vifaa vya umeme mkubwa ulipimwa kwa chombo cha kusikilizia kelele za redio: kifaa chenye kelele nyingi kilitiliwa shaka. Siku hizi anga imejaa mawimbi ya redio. Fundi akiweka kitambuzi chake karibu na transfoma mjini Kericho, kabla hajaisikia transfoma atazisikia Kass FM na Chamgei FM, milingoti ya simu na redio za walinzi. Alasiri radi nazo huingilia, maana kila radi ni mtambo wa redio wa asili, na eneo hili la chai hupata radi na mvua ya mawe zaidi ya sehemu nyingi duniani.

Anachotafuta fundi huyo ni kitu kidogo mno. Ndani ya plastiki ya kebo, au kwenye karatasi iliyoloweshwa mafuta ndani ya transfoma, huweza kubaki kijitundu cha hewa cha chini ya milimita moja. Hewa huvumilia takriban kilovolti 3 kwa milimita, na plastiki nzuri huvumilia mara nyingi zaidi. Lakini mkazo wa umeme ndani ya kile kijitundu huwa mkubwa kuliko ulioko kwenye plastiki inayokizunguka, kwa hiyo aliye dhaifu ndiye anayebebeshwa mzigo mzito. Hewa inashindwa, cheche inaruka kutoka ukuta mmoja wa kijitundu hadi wa pili, kisha inazimika ndani ya nanosekunde chache. Taa hazipepesi na fyuzi haikatiki. Nyumbani hakuna anayejua.

Stima ya Kenya hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, na katika kila mzunguko mkazo hufika kileleni mara mbili. Cheche hiyo basi ina nafasi 100 za kuruka kila sekunde, usiku na mchana. Kila mara inaunguza kuta kidogo na kuzalisha ozoni, na penye unyevu huzalisha asidi. Taratibu hutoboka njia nyembamba yenye matawi kama mti. Georg Christoph Lichtenberg aliona michoro ya matawi ya namna hii mwaka 1777 kule Göttingen, aliponyunyizia vumbi juu ya kihami kilichopigwa na umeme. Ndani ya kebo, mti huo unaweza kukua kwa miezi au miaka. Siku matawi yanapofika upande wa pili, umeme wote unapita kwa mkupuo mmoja, na hapo ndipo majirani husikia mlipuko.

Katika viwanda vya chai kama Momul, Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Kapkoros, mlipuko wa namna hiyo una gharama ya pekee. Majani mabichi hayasubiri. Feni za kunyausha huvuma saa nyingi, na majani yakishakatwakatwa yana saa moja au mbili za kuchachuka kabla ya kuingia kwenye kikaushio. Jenereta za dizeli zipo na huokoa jahazi kwa saa chache. Transfoma yenyewe ikifa ni habari nyingine, kwa sababu kupata nyingine, kuisafirisha na kuifunga ni kazi ya siku nyingi, na dizeli inayochomwa siku hizo zote inakatwa kwenye bonasi ya mkulima.

Mwinuko nao unachangia. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa takriban asilimia 20 kuliko ya Mombasa. Hewa nyepesi hushindwa mapema, kwa hiyo kifaa cha nje kilichotengenezwa kwa ajili ya maeneo yasiyozidi mita 1,000, kama viwango vya kimataifa vinavyochukulia kwa kawaida, kinahitaji nafasi kubwa zaidi kati ya waya na chuma. Anayenunua kwa bei tu bila kuuliza swali hilo anajitafutia matatizo.

Sasa, cheche hiyo inasikikaje katikati ya makelele yote haya? Hatua ya kwanza hutegemea ufupi wake. Kitu kinachodumu nanosekunde chache humwaga nguvu zake kwenye masafa mengi kwa pamoja, ilhali kituo cha redio ya FM hukaa kwenye ukanda wake mwembamba, kati ya megahezi 88 na 108. Kichujio kikiuondoa ukanda huo na kanda za simu, sehemu kubwa ya cheche inabaki. Kwenye transfoma kubwa, antena inaweza kuingizwa ndani kupitia vali ya mafuta, na tangi la chuma likawa ngao dhidi ya redio za nje.

Hatua ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi. Mchukuzi wa maziwa hupita langoni saa ile ile kila alfajiri, na hata barabara iwe na wapita njia mia, ukiandika saa za hatua zote kwa mwezi mzima utamtambua bila kumwona. Chombo cha kupimia hufanya vivyo hivyo. Kila mpigo kinaousikia kinauwekea nukta kulingana na mahali mzunguko wa stima ulipofika. Nukta za redio na radi hutawanyika kila mahali, ilhali za kihami kibovu hujikusanya katika mafungu mawili, moja kwa kila nusu ya mzunguko.

Ila kiwanda cha chai kinaweza kuwa na chanzo chake cha udanganyifu. Mitambo ya elektroniki inayodhibiti kasi ya feni nayo hutoa mipigo inayofuata mdundo ule ule wa stima. Hapo fundi hutumia vitambuzi viwili na kuuliza mpigo ulifika wapi kwanza. Mawimbi husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde hewani, na karibu nusu ya hapo ndani ya kebo. Mpigo uliotoka upande wa feni utagusa kitambuzi cha feni kwanza, na uliotoka kwenye transfoma utafanya kinyume. Tofauti hiyo ya nanosekunde ikipimwa vizuri humwonyesha hata mita ya kebo ya kuchimbuliwa. Akitaka uthibitisho usioguswa na redio kabisa, ana sikio la sauti za juu ya uwezo wa binadamu, karibu kilohezi 40, analoelekeza kwenye nguzo akiwa amesimama chini. Sikio hilo ni hodari kwa cheche za hewani, lakini halifiki ndani ya plastiki nzito.

Naamini wakulima, ambao ndio wenye hisa katika viwanda vya KTDA (Wakala wa Maendeleo ya Chai Kenya), wana haki ya kuuliza jambo hili kwenye mkutano wa mwaka kwa uzito ule ule wanaouliza nao bonasi. Mafuta ya transfoma yetu yalipelekwa maabara lini? Haidrojeni iliyoyeyuka ndani yake imepanda tangu mara ya mwisho? Sampuli ya mafuta ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa cheche huvunja mafuta na kuacha gesi hiyo, na hakuna kituo cha redio kinachoweza kuvuruga kipimo cha gesi. Vipimo vya cheche vyenyewe vifuate, na majibu yahifadhiwe kwenye faili la kiwanda. Kipimo kimoja husema machache. Namba iliyokuwa ndogo mwaka jana na imeongezeka mara tano mwaka huu inatosha kupanga matengenezo mwezi ambao majani ni machache, fundi akiwa na vipuri tayari mkononi.