Pete ya baridi inayosoma sumaku ya ubongo

Takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu wa kifafa hapati nafuu kwa dawa. Baadhi yao hubakiwa na njia ya upasuaji: kuondoa sehemu ndogo ya ubongo ambako kifafa huanzia. Daktari akikosea mahali, mtu anaweza kupoteza usemi au nguvu za mkono.

Ili kupajua mahali hapo, madaktari hupima ishara za ubongo. Seli za neva zinapowasiliana hutoa umeme, na penye mkondo wa umeme pana sumaku. Umeme huo, ukipimwa kwa waya zinazobandikwa kichwani, huwa umetawanywa na fuvu. Sumaku hupenya mfupa karibu bila kubadilika, ila ni hafifu mno: sumaku ya dunia, ile inayogeuza sindano ya dira, inaizidi mara mamilioni mia kadhaa.

Kifaa kilichofungua njia ya kuipima vizuri ni skwidi, kilichobuniwa mwaka 1964 katika maabara ya kampuni ya magari ya Ford, Marekani. Ni pete ndogo ya metali, kwa kawaida niobiamu, iliyokatizwa mahali pawili kwa utando mwembamba usiopitisha umeme. Ikizamishwa katika heliamu ya kimiminika, kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri, umeme huzunguka bila ukinzani wowote, na elektroni huvuka utando zikiwa jozi jozi. Ajabu hiyo ilikuwa imetabiriwa mwaka 1962 na Brian Josephson, mwanafunzi wa Cambridge mwenye miaka 22. Mikondo ya pande mbili za pete ikikutana, hutiana nguvu au hufutana kama mawimbi, na badiliko dogo kabisa la sumaku huonekana kwenye volteji.

David Cohen wa chuo cha MIT, Marekani, aliitumia skwidi kupima sumaku ya ubongo mwaka 1972. Leo mgonjwa huketi chini ya kofia kubwa yenye vipima sumaku takriban 300, ndani ya chumba chenye kuta za metali maalumu. Kwanza huvua saa, hereni, mkanda, hata pini za nywele, maana kipande cha chuma kinachotikisika huifunika sumaku yote ya ubongo kwenye kipimo.

Kikwazo ni heliamu, ambayo ni ghali. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham walitangaza kwamba ipo ardhini katika Bonde la Rukwa, Tanzania, habari njema kwa hospitali zinazoitegemea. Kwa upande mwingine, watafiti wa Nottingham walionyesha mwaka 2018 vipima sumaku visivyohitaji baridi hiyo, vinavyovaliwa kichwani huku mtu akijongea na kunywa chai.